Njia ya Jeneza Kwenye Ubao

Dada Mwanaidi,

Sisi huku Nguvumali tu wazima, ila mchezo wako unatugombanisha. Ule ubao wa kujenga mji tuliouchora pamoja bado uko sebuleni, na vijumba vyake vya mbao vyote vipo. Lakini kanuni ulikuwa nazo wewe kichwani. Mtu akikwama ulikuwa unasema, "Niulizeni mie, sijafa." Haya, sasa tumuulize nani? Watu wanakaa kucheza, kila mmoja ana lake, wanabishana, wanauacha. Nikaona tusipoangalia, na mchezo nao tutauzika.

Basi nikaziandika kanuni, mimi huyuhuyu nisiyependa kushika kalamu. Nikaeleza nani anaanza, kiwanja kinapatikanaje, kisima kiwe wapi, na kwamba anayemaliza vijumba vyake kwanza ndiye mshindi. Nikampa jirani yetu Mama Neema na wanawe, wale Walutheri waliohamia kutoka Lushoto, wacheze kwa kusoma tu. Mimi nikakaa pembeni, mdomo nimeufumba.

Neema hana mchezo! Alipanga nyumba ukuta kwa ukuta, akaziba kila kichochoro, nyumba za mama yake zikabaki katikati hazina pa kutokea. Akashinda. Nikashindwa kuvumilia, nikasema hiyo haifai kabisa. Akaigeuza karatasi mbele na nyuma: "Mbona haijaandikwa, mamdogo?"

Kweli, haikuandikwa. Tumecheza miaka yote ile, hakuna aliyemzibia mwenziwe njia, na hakuna aliyewahi kulitaja. Nani huku kwetu asiyejua kwamba ukijenga lazima ubakishe njia ya jeneza? Tumelelewa hivyo. Hata ulipotolewa wewe, nilikuwa mlangoni na wanawake wenzangu, nikaliona jeneza lako likipita kichochoroni kwa Mzee Kombo bila kugusa ukuta. Niliumia, dada, niliumia sana. Lakini lile la kupita bila kusukumwasukumwa lilinituliza kidogo.

Nikaandika upya: kila nyumba iachiwe njia ya kupitishia jeneza mpaka barabarani, yaani nafasi ya kijumba kimoja, na hakuna ruhusa ya kuiziba. Jumamosi wakacheza tena. Wakabishana kidogo, wakasoma, wakaendelea mpaka mwisho, na hakuna aliyegeuka kuniuliza lolote. Ndicho nilichokitaka. Lakini nilitoka uani nikajifanya naanua nguo, nikalia, maana ilikuwa mara ya kwanza mchezo wako kuchezwa na asiwepo mtu aliyekuhitaji.

Kwaheri, dada yangu. Mola akupanulie kaburi lako. Nakuahidi wakibishana sitawaingilia, wasome wenyewe. Ila atakayeuliza kwa nini njia iwe ya jeneza, huyo nitamkalisha chini, nimsimulie habari zako.

Mdogo wako,
Zuhura