Jeneza la Mbao za Tunguu

Tunguu, Unguja
Baada ya masika, 1964

Kwa kaka yangu Salum,

Shikamoo kaka. Nataraji waraka huu utakukuta mzima, wewe na mama na wote wa nyumbani Kilwa. Kifua cha mama kimepoa? Na paa la jikoni, mliwahi kuliezeka kabla ya mvua? Mimi mwili hauna ugonjwa, ila nimechoka.

Salamu zako nimezipata kwa yule baharia. Umesema mmesikia kwamba Unguja kuna mabomu ya Wamarekani, na kwamba nirudi upesi kabla kisiwa hakijapigwa. Nitakujibu, lakini kwanza nikueleze yaliyonipata. Ukiyasikia kwa mtu mwingine hutaelewa kwa nini mdogo wako anakaa na jeneza nyumbani kwake.

Unajua nilikuwa kibarua katika kituo cha Wamarekani hapa Tunguu. Kazi yangu ilikuwa kukata majani chini ya milingoti. Walituambia milingoti ile husikiliza chombo kinachomzungusha mtu angani, na siku chombo kikipita hatukuruhusiwa kusogea. Tulikaa pembeni tukitazama juu, wala hatukuona kitu. Jioni nilimsimulia mama mkwe wangu, Bi Mize. Nilimwambia mtu yule huchwewa na jua mara nyingi kwa siku moja. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Basi na afunge Ramadhani huko huko," akasema, "atafuturu kabla njaa haijamjia." Ndivyo alivyokuwa. Watu wa hapa huniita mtu wa bara, ingawa nimezaliwa pwani kama wao, na ni yeye aliyenioza mwanawe Kazija wakati ndugu zake hawanitaki.

Baada ya mapinduzi yakaja maneno kwamba kituo kile ni cha kuongozea makombora. Siku moja nilikuwa mjini, kwenye kahawa pale Malindi, nikamsikia mtu akieleza kwamba mataifa makubwa sasa yote yana mabomu, kwa hiyo kila mmoja anamwogopa mwenziwe na hakuna atakayeanza. Akasema hiyo ndiyo amani ya siku hizi. Husemwa fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Mimi niliyekuwa mkata nyasi wao sikuhitaji kuambiwa.

Kisha serikali ikaamuru kituo kiondoke. Tuliong'oa nyaya, tukapigilia makasha misumari, tukayapakia kwenye malori hadi bandarini. Zikabaki mbao nzuri za makasha, na msimamizi akatuambia tugawane. Wenzangu walifanya milango. Mimi nilifikiri msikiti wetu jeneza lake limeliwa na mchwa, mguu umefungwa kamba. Nikaazima randa, nikaunda jeneza jipya, nikalipeleka siku ya Ijumaa. Nilidhani kuanzia siku ile nitakuwa mtu wa hapa. Kosa langu lilikuwa moja: maandishi meusi ya kasha yalikuwa yamezama katika mbao, na randa haikuyamaliza.

Shemeji yangu Vuai, kaka wa Kazija, ndiye aliyeyaona. Akasema mbao zilibeba mabomu, zina sumu, na maiti atakayelazwa humo hatapumzika. Waliniweka mbele ya watu barazani. Vuai akaniuliza kama niliyaona mabomu. Nikasema niliona milingoti na majani, ndani ya nyumba za Wamarekani sikuingia.

"Basi hujui kama hayakuwamo," akasema.

"Sijui," nikajibu.

Kaka, ningesema yalikuwamo wangenipenda. Ningeapa hayakuwamo, labda wangeniamini. Nilisema kweli, na neno hilo moja likanifukuza. Jeneza likatupwa nyuma ya nyumba yangu. Watu wakaacha kunialika shughulini. Bi Mize peke yake aliendelea kuja, akawa anaanika mpunga wake juu ya jeneza lile makusudi, wapitao wamwone.

Naye amefariki, kaka. Homa haikumpa hata juma. Kazija aliwaomba ndugu zake mama abebwe katika jeneza langu, kwa kuwa ndivyo alivyosema mwenyewe. Vuai alikataa. Wakalichukua la zamani. Mimi nilifuata nyuma kabisa, hakuna aliyenipa nafasi ya kutia bega.

Kabla hatujafika makaburini mguu ule wa kamba ukakatika na ubao wa chini ukapasuka. Wakamteremsha, wakasimama juani wamemshikilia ndani ya sanda yake, hakuna ajuaye la kufanya. Vuai alikuwa mbele, jasho na machozi vimechanganyika. Akageuka akanitafuta kwa macho. "Shemegi," akasema, "nenda kalilete."

Nililikimbiza kichwani. Tulipombeba, mwanzo tulikuwa wachache tu, Vuai na mimi mbele. Kisha kalima ikaanza, na unajua watu wetu wakiisikia kalima. Mabega yakaja yenyewe, wakapokezana kama desturi, hata wale waliosema lina sumu. Nilisukumwa nje kwa wingi wao. Nilifurahi, kaka, siku ile ya msiba, Mungu anisamehe.

Lakini jeneza baada ya maziko hurudi msikitini. Asubuhi yake nilifungua mlango nikalikuta kizingitini, limeoshwa. Vuai akaja akaniambia nikae nalo; msikitini wengi hawalitaki, na jingine hakuna. Tangu hapo mtu akifa huja kulichukua kwangu, na wakimaliza hulirudisha kwangu. Mwenye kutaka chumvi huita, "Kazija!" Wajao kwa jeneza hupiga hodi tu, hawamwiti mtu. Shughulini bado siitwi.

Umeniambia nirudi. Kazija hawezi kulitia ndani wala hawezi kuliacha, maana limembeba mama yake. Nami nikiondoka nalo watazikana na nini, nikiliacha watalichoma. Kuhusu bomu, kama litakuja ama halitakuja, jibu langu ni lile lile la barazani.

Mbusie mama mikono. Nisalimie dada yetu mkubwa na wanawe, shangazi msuka mikeka, na mwalimu wa chuoni aliyenifundisha kushika kalamu. Mwambie mwandiko bado mbaya.

Nakomea hapa. Kuna mtu anapiga hodi nje, wala hakumwita Kazija.

Ni mimi mdogo wako,
Athumani