Usiende Kushoto

Bariadi, Jumapili

Na lengo lenyewe lilikuwa moja tu: mpira wa gofu usiende kushoto. Bosi siku hizi ananunua pamba mwenyewe bila kupitia ushirika, na anaowaamini ni wale wanaocheza naye gofu Mwanza. Mimi bado ananiangalia tu.

Kushoto mwa malisho ninapofanyia mazoezi ni kwa mama mkwe. Mpira ukiangukia uani kwake siufuati, kwani kwetu mtu na mama mkwe hawaonani uso kwa uso. Imepotea mingi hivyo.

Wiki hii hata mmoja haukwenda kushoto. Umbali ndio bado unanisumbua. Nilishaanza kujisifu.

Leo mchana mke wangu Minza karudi kutoka kwa mama yake. "Mama anauliza umemkasirikia nini. Mipira yako anaiweka kwenye viota, kuku wanaidhani mayai, wanataga hapo hapo. Siku hizi humpelekei."



Jioni nimerudi malishoni. Nimebakiwa na mipira miwili, na Jumamosi bosi ananisubiri uwanjani Mwanza. Mmoja nimeupiga kushoto, makusudi.

Ni wa kwanza kutua pale pale nilipotaka.