Rangi ya Uso wa Papa

Lubumbashi, Commune ya Kenya
Jumatano asubuhi

Kwako Yaya Christiane, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa heshima na kwa mapendo, wewe pamoja na shemeji Alphonse na watoto. Natumaini barua hii inawakuta na afya, na kwamba kikohozi cha Princesse kimepoa. Sisi huku tuko. Baridi ya asubuhi inatukata, vumbi linaingia mpaka ndani ya sufuria, lakini tuko. Anayekuletea bahasha hii ni Gauthier wa lori. Nimemwambia asiondoke kwako mpaka umalize kusoma, kwa hiyo mpe kiti na maji, halafu wewe mwenyewe kaa chini. Usisome ukiwa umesimama, wala usianzie mwisho kama ulivyozoea.

Unaona ninaandika kile Kiswahili walichotufundisha masista, kilichopigwa pasi. Nikishikwa na hasira kitaharibika, unisamehe.

Yaya, kilio ulichoambiwa mwezi uliopita kilikuwa cha uongo. Siku uliyopigiwa simu kwamba Papa, baba yetu, amekufa, Papa alikuwa kitandani anakunywa uji na kulalamika kwamba hauna sukari. Nilikupigia mpaka nikachoka, wewe ulikuwa umefunga simu. Na mambo haya siyo ya kupigiana kelele kwenye simu, unajua mwenyewe. Uongo ule ulitokana na mimi na imprimante, mashine ya kuchapa. Nitakueleza yote kwa mpangilio, usiruke kitu.

Biro yangu, ile ofisi ndogo ya sokoni, unaijua: kuchapa, fotokopi, kuskani, mambo ya watu wa serikali na wanafunzi. Lakini kazi inayonilisha ni vilio. Mtu akifiwa, anakuja na picha ya marehemu anataka faire-part, tangazo la kifo, ya rangi, ya kubandika na ya kugawa kanisani. Mashine yangu ya zamani ilikuwa ya wino, na vumbi la hapa liliziba midomo yake. Marehemu wote walitoka wekundu kama tofali au wa kijivu kama majivu ya mbabula ya makaa. Mjane mmoja alishika karatasi yake, akaniambia nimemuua bwana wake mara ya pili. Sikulala vizuri. Nikaamua kutafuta imprimante ya laser, ya rangi, ile inayofanya kazi zote.

Nikaenda mjini kwa Franck, anayeuza vyombo vya biro. Huyo Franck ana mdomo. Alinisifia mbio za mashine, ikichapa pande mbili, ikiongea na simu bila waya. Mimi nikamwuliza mambo yangu: umeme ukikatika karatasi ikiwa katikati, inakuwaje? Groupe yangu ndogo ya umeme itaiwasha, au itazima biro nzima ikianza kupata moto? Tona yake, ule wino wa unga, inapatikana hapahapa, au nitakaa nikingoja mtu atoke Zambia? Hapo akaanza kukohoa. Kisha akanichapia karatasi yake ya maonyesho: maua, kasuku, na binti mzungu anayecheka. Nikamwambia sisi watu wa commune ya Kenya hatuziki kasuku.

Nikatoa kle yangu ya USB. Ndani kulikuwa na faire-part ya mteja mmoja. Nikaondoa picha ya marehemu wa watu, nikaweka ya Papa, ile ya kofia ya reli, kwa sababu hakuna ngozi ninayoijua duniani kama ya Papa. Nilitaka kupima rangi tu. Maneno ya juu sikuyagusa, hata sikuyaangalia, yule anayechapa vilio kila siku hasomi tena neno kilio. Kila mashine ya Franck ikamchapa Papa. Moja ikamtoa zambarau, nyingine ikamtoa kama mtu aliyepakwa unga. Franck akataka nione mbio, akaiacha moja iendelee mpaka karatasi zikaisha. Siku hiyo sikuchagua yoyote. Nikaenda zangu, karatasi zikabaki pale.

Sasa wewe unajua karatasi zilizoharibika mjini zinaenda wapi. Mama Jeanne wa avenue yetu ndiye anayezichukua, anazikunja kufungia karanga. Kesho yake Kenya nzima ilikula karanga kwenye uso wa Papa, na juu ya kichwa chake kumeandikwa faire-part.

Mimi nilikuwa biro. Wanawake waliingia kwenye lupango, uwanja wa nyumba yetu, wakilia tangu kona ya barabara, vitambaa kiunoni. Watu wakaleta viti, makaa, unga wa bukari, na wanakwaya wa parokia wakaanza wimbo wa kwanza. Mdogo wetu Kunda alikuwa nyuma anafua, akafikiri aliyekufa ni mimi, akaanguka kwenye beseni. Basi Papa akatoka mlangoni na blanketi mabegani, akauliza nani amekufa mu lupango yake bila kumwambia. Mama Jeanne akazimia. Alipoamka watu walikuwa wanacheka na kulia pamoja, na Papa akasema kwa kuwa bukari iko motoni, hakuna anayerudi nyumbani na njaa. Wakala. Hata mimi nilipofika mbio, sandali moja mkononi, nilimkuta anacheka.

Lakini jioni aliuliza kama wewe uliambiwa. Tukamjibu ndiyo, mtu alikupigia asubuhi, na tangu hapo simu yako haipiti. Akasema kutoka huko kwako Sakania siyo mbali sana. Akaomba kiti kiwekwe kutazama mlango wa lupango. Alikaa. Kesho yake akakaa tena, na siku iliyofuata. Kwetu mtu anaweza kukasirikiana na mtu miaka yote, lakini kwenye kilio anakuja, unajua. Yeye alikuwa anangoja uje kumlilia umkute hai. Hukuja, akaomba kiti kirudishwe ndani.

Nilikukasirikia, Yaya, sitakuficha. Halafu nikakumbuka maneno yake ya siku aliyokataa mahari ya shemeji, eti kwa sababu tu shemeji ni mtu wa Kasai. Alisema mbele ya wajomba wote kwamba hutakanyaga tena lupango yake, hata siku ya kifo chake. Wewe ulimtii. Ulimtii pale ambapo mtoto mwingine angefunga macho na kuja.

Kisha Gauthier akapita kutoka kwenu. Akasema alikukuta kwenye mkeka, nywele umekata, jirani zako wamekaa nawe, na shemeji anapokea wageni kama aliyefiwa baba yake mwenyewe. Akasema alijaribu kukueleza kwamba mzee ni mzima, ukamwambia asikuchezee kilio, ukaingia ndani. Papa alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akalia, Yaya. Hata Mama alipotutoka hakulia namna ile. Akawa anasema neno moja tu, kumbe alinililia, kumbe alinililia.

Kesho yake akanituma niwaite watu walewale wa kilio cha uongo, na wajomba pia. Alichukua maji mdomoni, akayatema chini mbele yao, akasema lile neno amelitoa, Christiane ni mtoto wake, Alphonse ni mkwe wake, na mahari isiulizwe tena. Wajomba wakapiga makofi. Wewe ulikuwa Sakania, hukujua lolote.

Nikamwambia basi nipande mimi lori nikakuchukue. Akakataa. Akasema kama hukumwamini Gauthier, hutaniamini mimi ninayetaka sana urudi, na sauti yake kwenye simu itakutisha. Alitaka picha. Picha ya leo, ya rangi, ambayo ukiishika utaona damu inatembea. Ndipo mambo ya imprimante yakatoka mikononi mwangu, yakawa yake.

Nilimpiga picha kwa simu uani, amevaa lile koti la kahawia, mdomo wazi kwa sababu hakunyamaza hata kidogo. Tukaenda mjini kwa taxi. Amekonda, Yaya, koti lilikuwa linamvaa yeye. Franck akamletea kiti katikati ya duka. Karatasi ya kwanza ikatoka, Papa akaitazama, akasema, “Uyu haiko miye, iko muntu ya kufa.” Ya pili ikamtoa mwekundu, akasema huyo ametoka kunywa. Franck alitokwa jasho, akapunguza bluu, akaongeza njano, akabadilisha aina ya karatasi, na sikusikia tena habari ya mbio. Mashine ya tatu ilikuwa nzito, pana, haina sura ya kupendeza, imekaa pembeni. Karatasi ikatoka ya moto. Papa akaiweka karibu na shavu lake, akatuuliza ni mtu mmoja au wawili. Franck aliangalia huku na huku, akasema ni mmoja, mzee. Nikaichukua hiyo. Kama shemeji anatafuta ya biro yake ya mpakani, achukue aina hiyo hiyo, tona yake iko hapa na vumbi haliisumbui sana.

Ukurasa wa kwanza kuchapwa biro kwangu ulikuwa wako. Gauthier alikuwa kwenye foleni ya malori mpakani Kasumbalesa, hatukuwa na mtu mwingine wa kuaminika, basi picha ikasimama mezani ikimngoja. Kila aliyeingia alionyeshwa. Papa alimwambia hata mtu wa maji kwamba hii inaenda Sakania.

Yaya, mwite shemeji akae karibu nawe.

Papa alikufa jana mchana. Alikuwa amelala, Kunda alimpelekea chakula akamkuta ameshaenda. Gauthier alifika jioni. Picha iliyo ndani ya bahasha hii ni ya mtu aliye hai, ichukue hivyo hivyo, mimi nimeshindwa kuizuia isije kwako.

Tulilia, Kunda na mimi, mlangoni, na hakuna aliyekuja. Watu walipita barabarani wakicheka, wakasema Annie anajaribu mashine tena. Miye naye nikalia kwa nguvu zaidi, bakacheka zaidi. Mwishowe nilienda kwa Mama Jeanne, nikamshika mkono, nikamwingiza chumbani. Alipotoka ndipo wakaanza kuja, mmoja mmoja, kimya, bila wimbo. Sina la kuwalaumu. Machozi yao walishayatoa, na yeye aliyasikia, afadhali.

Tangu alfajiri nimekaa mbele ya imprimante, faire-part yake haijatoka. Najua kazi hii kuliko mtu yeyote Kenya, na sasa vidole vinakataa. Tukitoka kwa Franck siku ile aliniambia kwamba siku ya kweli ikifika, jina lako litangulie, na la Alphonse likae kando yake. Nimeyaandika hayo mawili tu. Hatutamzika bila wewe. Gauthier anageuza lori leo hii, pandeni wote, na watoto wafungeni nguo za baridi. Hakuna mjomba atakayekuuliza neno.

Kunda anakusalimu, Mama Jeanne anakusalimu na anaomba msamaha ambao haudaiwi. Na wiki iliyopita Papa alinipa salamu zake nizitie katika barua ya kufuatana na picha. Nilizichelewesha, sasa nazitia kama alivyozisema, sikuongeza wala sikupunguza: “Christiane, mutoto yangu, miye niko muzima. Kuya ku nyumba.”

Ni mimi mdogo wako,
Annie