Chuo cha Mji Wenye Robot Moja

Jumapili, 5 Oktoba 2025

Melvin amekataa. Angekataa kwa kelele ningemweza. Amekataa huku anapaka siagi kwenye mkate. "Mama, naenda kile kidogo." Akaendelea kupaka.

Kile kidogo! Vyuo viwili vya Marekani vinamtaka mwanangu akavirushie mpira wa besiboli. Kimoja ni chuo kikuu ambacho jina lake liko kwenye fulana za mitumba kuanzia Gikomba hadi hapa Durban. Kingine kiko katika mji wenye robot moja, yaani taa za barabarani kwa lugha ya hapa. Nimeutafuta kwenye ramani ya simu. Robot moja, ghala la mahindi, kanisa, chuo. Kwenye picha robot yenyewe inawaka njano. Hata magari haijaamua kuyasimamisha.

Vyote viwili vinalipa karo na malazi, kwa hiyo pesa si hoja. Ningependa iwe hoja. Hoja ya pesa najua kuijibu.

Nimemuuliza sababu. "Huko nitacheza." Nikamwambia kwingine pia atacheza. Akasema labda mwaka wa tatu, wanao warushaji wa kujaza basi. Nikamwambia kungoja si ugonjwa, mimi nilingoja zaidi ya hapo kupewa ofisi yenye dirisha. Zachary akachekea ndani ya kikombe cha chai. Mume wangu hupanga safari za malori huko Clairwood. Siku nzima anawaambia madereva pa kwenda, na akifika nyumbani hataki kumwambia mtu yeyote aende popote.

"Atakayesimama kwenye kile kilima ni yeye," amesema. Kilima ni kile kichuguu cha udongo katikati ya uwanja anakosimama mrushaji. Najua ni yeye. Asante sana, Zachary.

Nimepigana na jambo hili gazetini miaka mingi: Mwafrika afunguliwe mlango mpana, aulize kama hakuna dirisha la nyuma. Nimewaandikia mawaziri. Nimewaandikia wakuu wa vyuo. Sikudhani siku moja ningemwambia mtu anayekula mkate wangu.


Jumanne, 7 Oktoba

Vita ofisini. Watu wa mawasiliano wa chuo ninakofundisha wameniletea hotuba ya kusoma kwenye mhadhara wangu wa wazi mwezi ujao. Wameniandikia! Neno "changamoto" kila mstari, na katika changamoto zote hizo hakuna mtu hata mmoja aliyekosea. Mambo yalijiharibu yenyewe. Nimeirudisha. Nimewaambia mdomo huu ni wangu, hauazimwi. Yule kijana aliyeileta, mpole sana, akauliza kama ningependa wabadilishe aya ya pili.

Nimesimulia haya jioni tukila ugali. Zachary amesema vizuri. Melvin amesema vizuri sana, mama.

Namna alivyolisema sikuipenda.


Alhamisi, 9 Oktoba

Jacinta amepiga simu. Ndiye mwenyekiti wetu Wakenya wa hapa, na hapigi simu kuuliza hali. Mwaka huu Sikukuu ya Mashujaa tunaifanya Jumamosi ya tarehe kumi na nane, ukumbi wa kanisa, hapahapa Glenwood.

"Mama Melvin, tumechoka na mashujaa waliokufa," amesema. "Mwaka huu tunataka mmoja anayekula."

Anamtaka Melvin. Akauliza ni chuo gani. Nikataja kile kikubwa. Sikusema amekubali. Nilisema wamemtaka. Jacinta akapiga kigelegele sikioni mwangu, nikaisogeza simu.

Wamemtaka. Ni kweli tupu.


Jumamosi, 11 Oktoba

Lazima niandike yote kabla sijapoa.

Mjumbe wa chuo kikubwa amekuja kumtazama Melvin akicheza. Mwanamume mrefu, kofia nyekundu, meno mengi. Ametoka Johannesburg kwa ndege asubuhi na anarudi jioni. Nilivaa vizuri. Nilikuwa upande wake, hilo liandikwe. Nilibeba hata mandazi.

Kabla ya mechi akafungua mkoba akatoa kitu kidogo kama kitufe cha koti. Ni spika. Inaingizwa ndani ya kofia ya mrushaji, karibu na sikio. Bwana mwenyewe anakaa nyuma ya uzio na kidude chenye vitufe kwenye goti. Akibonyeza, sauti inamwambia mrushaji arushe mpira wa aina gani na uende wapi. Nyumbani kwao ndivyo wanavyocheza wote, akaniambia. Kocha anafikiri, mtoto anarusha. Hakusema hivyo. Alisema, "Inampunguzia kijana mzigo."

Miaka yote kazi hiyo ni ya Papy. Papy ni mdakaji, mtoto wa Pascal wa duka la simu, Mkongomani. Anachuchumaa nyuma ya mpigaji, anatoa vidole chini ya glavu: kimoja, viwili, vitatu. Melvin akikubali anarusha. Asipokubali anatikisa kichwa, na Papy anatoa vidole vingine. Nimewatazama tangu wana miaka kumi na miwili na kila mara nimeona mazungumzo. Hujawahi kuona watu wawili wakibishana kwa adabu namna ile. Kwenye kikao cha kitivo chetu hutaona.

Leo Papy ameambiwa adake tu. Akachuchumaa, vidole vimefungwa. Melvin akarusha vizuri kuliko nilivyowahi kumwona, na nilichoka kumtazama. Kumbe unaweza kuchoka kutazama mtu anayefaulu. Sauti, mpira. Sauti, mpira. Wapigaji wanatoka mmoja mmoja na magongo yao, na yule bwana anabonyeza.

Halafu akaja lile jitu la timu ya pili, lenye shingo kama ya fahali. Melvin akasimama. Nikaona amesikia kitu kofiani. Akatikisa kichwa.

Alimtikisia nani? Kitu kile hakina macho. Kinasema, hakiambiwi. Akatikisa tena, polepole, akimtazama Papy. Yule bwana akabonyeza tena. Akabonyeza kwa nguvu, kama mtu anayeita lifti.

Melvin akavua kofia, akakitoa kile kitufe, akakitia mfuko wa nyuma. Papy akashusha vidole. Melvin akakubali. Akarusha.

Jitu likaupiga ule mpira ukavuka uzio, ukavuka barabara, ukaingia kwa watu. Mbwa akabweka. Sijawahi kuona mpira umepigwa namna ile.

Na wale wawili wakacheka! Papy alimfuata hadi kilimani, wakaweka glavu midomoni wakisema maneno yao, mabega yanatikisika.

Yule bwana hakukasirika. Angekasirika ningemheshimu. Alikula andazi langu la pili akasema, "Tabia hiyo tutamrekebisha. Mwaka mmoja tu."

Tutamrekebisha. Mwanangu si lori la Clairwood.

Papy alipokuja kuniaga nikamuuliza ilikuwaje. "Ule mpira ni sisi njo tulikosea, Mama," akasema. Anafurahi. "Tulifikiria atapita chini, akapita juu. Haikukuwa machine. Ni sisi."


Jumapili, 12 Oktoba

Bado nina hasira, lakini nimegundua ni hasira mbili na hazisalimiani.

Moja ni ya yule wa kofia nyekundu. Nyingine ni ya Melvin, kwa sababu asubuhi hii ujumbe umekuja: bado wanamtaka. Pamoja na yote. Awape jibu kabla ya Jumapili ijayo. Kocha wake, Bwana Perumal, amepiga kutoka Chatsworth kunipongeza. Miaka yake yote ya kufundisha hajapata kupeleka mtu huko. Nikamuuliza yeye angefanyaje. Akasema video nzima ya ile mechi amevitumia vyuo vyote viwili. Si jibu. Au ni jibu, na leo sina subira ya watu wanaojibu hivyo.

Nimemwambia Melvin: kwanza uingie, ndipo ukatae. Ukiwa nje kukataa kwako hakuna anayekusikia. Mimi nimekataa hotuba kwa sababu nina cheo cha kukatalia. Wewe una cheo gani? Una miaka kumi na minane na soksi hazifanani.

"Mama," amesema, "walioingia ndio wale wenye spika kofiani."

Nimeosha vyombo. Nimeosha hata vilivyokuwa safi.


Jumatano, 15 Oktoba

Kocha wa chuo kidogo amepiga simu, wakati wa chakula. Mzee, kwa sauti. Melvin akamweka wazi ili sote tusikie, na nikajiandaa. Nilikuwa na maswali. Wahitimu wenu wako wapi? Maktaba yenu ina nini? Hilo ghala la mahindi linahusiana vipi na elimu?

Sikupata nafasi. Mzee alikuwa ameitazama mechi nzima na hakusema lolote juu ya mipira mizuri. Aliuliza kuhusu mmoja tu: "Ule uliopigwa ukavuka barabara. Ulikuwa unafikiria nini?"

Melvin akamweleza. Jitu lilisogeza mguu wa mbele mapema, kwa hiyo Papy aliona, kwa hiyo wakadhani atapita chini. Mzee akasema, hapana, tazama bega. Melvin akasema, bega lilikuwa linadanganya. Mzee akasema, labda. Turudie. Wakarudi mwanzo. Mpira mmoja! Ugali umepoa, sukuma imepoa, Zachary amesahau kutafuna. Mwanangu ambaye kwangu hutoa sentensi kama anatozwa ushuru aliongea, akabishana, akasema "lakini" mara nyingi kuliko mimi. Mwishoni mzee akasema hakubaliani naye bado, na wataendelea akifika.

Akifika.

Melvin akakata simu akanitazama. Nikasema mzee huyo anaongea sana.

"Ndiyo," akasema. "Kama wewe."

Nimekwenda kusahihisha insha za wanafunzi. Nimewaonea.

Nitaandika hapa ambacho sitakisema mezani. Sijashawishika. Jina kubwa ni kinga. Najua dunia inavyomtazama kijana mweusi mwenye pasipoti ya Kenya anaposimama mbele ya kaunta. Jina likiwa kubwa anasimamishwa kwa muda mfupi zaidi. Robot ya njano itamkinga na nini? Nani atajibu hilo? Si mzee wa bega. Na bado, sijapata kumsikia akiongea vile. Ninaudhika kwa kuwa hoja yangu ni nzuri na inashindwa na simu moja.


Ijumaa, 17 Oktoba

Jacinta ametuma picha kwenye kundi la WhatsApp. Keki. Imetengenezwa mfano wa kofia, nyekundu, na mbele herufi ile ya chuo kikubwa kwa sukari nyeupe. Chini yake: HONGERA SHUJAA WETU. Watu wameshaweka mikono ya sala na bendera. Hata mtu wa Pretoria ambaye hatumjui.

Nilipaswa kumwambia ukweli Alhamisi ile aliponipigia. Nilipaswa kupiga juzi. Nimeandika "Jacinta, kuhusu keki" na kufuta. Nimeandika tena "Jacinta dada" na kufuta.

Melvin ameiona picha. Ameuliza tu ni ladha gani.


Jumamosi, 18 Oktoba

Niko chooni, ukumbi wa kanisa. Daftari lilikuwa kwenye mkoba. Nje wanaimba.

Nitasema haraka. Wimbo wa taifa, sala, pilau, hotuba tatu za watu wanaotaka uenyekiti wa Jacinta. Melvin amevaa shati la baba yake. Papy amekuja naye, amekaa nyuma na sahani mbili. Halafu Jacinta na maikrofoni: "Shangazi zangu mko wapi? Wajomba? Leteni simu mbele, tupige picha. Mtoto huyu anakwenda pale pakubwa, na sisi tunakwenda naye!" Keki ikaletwa na nyimbo, na kisu kimefungwa utepe.

Kwetu mama humshika mtoto mkono wakakata pamoja, kisha mtoto anawalisha watu, kipande kwa kipande, wazee kwanza. Kila aliyelishwa amekuwa shahidi. Huwezi kumlisha mtu herufi ile mdomoni, kisha Jumatatu umwambie ilikuwa keki tu.

Nikaweka mkono juu ya mkono wake. Nikasukuma kisu chini. Hakikwenda. Mkono wa mrushaji! Ningesukuma hadi kesho. Nikamtazama, naye akanitazama, si kama mtoto anavyomtazama mama. Kama anavyomtazama Papy. Akatikisa kichwa, polepole, mara moja. Akangoja.

Ananingoja nitoe kidole kingine.

Nikasema naomba nipite kidogo. Wakacheka, wakasema ni furaha.

Jacinta anabisha mlango. "Mama Melvin, toka basi, keki inayeyuka. Kama ni hotuba inakuogopesha, usijali, nimekuandikia. Wewe usome tu."

Karatasi imepita chini ya mlango. Mwandiko mzuri. Mimi kama mama wa shujaa nina furaha kuwatangazia, kisha jina la chuo, limepigiwa mstari. Baada ya jina kuna lile neno, changamoto.

Nimeirudisha ilikopita. Nimeisukuma kwa kiatu.

"Kuna kosa?" anauliza Jacinta. "Nimekosea jina?"

"Jina liko sawa, dada."

Kule ukumbini nyimbo zimekoma. Kuna mtu anagonga maikrofoni kuona kama inasikika. Si Zachary. Nimeijua sauti kabla haijasema neno, anavyovuta pumzi puani kabla ya kurusha.

Nifungue mlango. Anasema shikamooni wazee. Anasema poleni, mkae kidogo, msiikate kwanza, kuna jambo mimi na mama bado tunabishana, na ningependa mama awe hapa nami. Nafungua.