Uzinduzi wa Nyumba ya Siri

Jumapili, 23 Novemba 2025

Kiema amempiga Koki tena. Mchana, watu wakitoka kanisani, redio juu kabisa ili tusisikie. Kuta za ploti yetu hapa Pipeline ni kama karatasi — tulisikia injili, na yale mengine pia. Nikagonga. Akafungua akitabasamu, eti mke wake ameteleza bafuni. Bafu liko nje, linatumiwa na floo nzima, na aliyekuwa ametoka humo ni mimi!

Koki alipenya chini ya mkono wake, bila viatu. Nimemfungia kwangu.

Jumatatu, 24 Novemba

Stesheni ya polisi. Dawati la jinsia lipo, kweli: dawati, kiti, bango la mwanamke anayelia. Mwenye dawati hayupo. Ameenda semina. Ya nini? Ya kuhudumia waliopigwa. Karao wa zamu akaangalia jicho la Koki, akauliza kama wamejaribu kuongea kama familia. Nikamwambia waliongea, na jibu analiona hapo usoni.

Aliyetuokoa ni Madam Roseline wa ustawi wa jamii. Kuna nyumba ya serikali Donholm, wanawake wanafichwa humo wakingoja kesi. Nje haina jina. Mume haambiwi, jirani haambiwi, hata pasta haambiwi. Tena wanatafuta mpishi. Nikasema mimi ni muuza chapati, lakini ugali nao haunishindi.

Jumatano, 26 Novemba

Nyumba nzuri. Geti la kijivu, mapazia mazito. Koki amelala mchana kutwa. Kesi ni Jumatatu. Akisimama mbele ya hakimu aseme mwenyewe, Kiema atapigwa marufuku kumkaribia. Asipofika, faili itafungwa.

Kiema amenivizia kwa ngazi za ploti. Hukodisha hema, viti na spika — harusi, matanga, mikutano ya chifu — kwa hivyo kuongea kwa upole anajua. Ameniita shemeji. Leo ndiyo tumekuwa ndugu! Eti nimwambie Koki arudi, yeye ameshasamehe.

Amesamehe. Nikasema nikimwona nitampa salamu.

Alhamisi, 27 Novemba

Chifu wa huku amekuja. Hizi ni zile siku kumi na sita za kupinga dhuluma dhidi ya wanawake, na wakubwa wanataka kuona kazi. Basi nyumba itazinduliwa Jumamosi. Hema, keki, mgeni wa heshima, utepe wa kukatwa. Madam Roseline akasema polepole kwamba humu watu wamejificha.

"Madam," chifu akamwambia, "siri ya serikali lazima wananchi waijue. Si ni kodi yao?"

Hakuwa anatania. Afadhali angetania.

Madam amepiga simu kila mahali kutafuta nyumba nyingine. Wenye kuamua wako Naivasha, warsha.

Ijumaa, 28 Novemba

Wenzake Koki wawili waliofichwa humu wameenda kwa jamaa zao. Koki hana pa kwenda. Kwao Machakos ndiko Kiema huanzia kumtafuta.

Nikamuuliza chifu hema zinatoka wapi. Kwa kijana mmoja mtiifu wa Pipeline, anaitwa Kiema. Nikaropoka: ndiye mume wa huyu tuliye naye ndani! Nilidhani atashtuka, atafute hema kwingine. Akapiga makofi.

"Vizuri kabisa! Tutawapatanisha papo hapo, mgeni wa heshima akiona. Serikali inajenga familia."

Mdomo wangu huu. Chifu ukimpa moto, yeye anaona ni wa kuchomea nyama. Madam ameahidi kuleta gari asubuhi.

Jumamosi, 29 Novemba

Naandikia stoo ya jikoni. Koki ameketi juu ya gunia la unga.

Gari lilikuja, lakini hema ya Kiema ilikuwa imeziba geti. Madam yuko nje anabishana na viti. Keki imekatwa. Mgeni wa heshima amesema wanawake ni nguzo. Halafu chifu akashika maiki: leo tuna familia inarudiana, Koki atoke tumpigie makofi. Makofi yakaanza. Koki akaniangalia.

Nikazima swichi kubwa ya stima.

Spika zikafa. Nilifurahi kidogo — kama muda wa chapati kuungua. Kisha, tukiwa tumejifungia stoo, nikamsikia chifu, bila maiki sasa, akimwambia Kiema si wewe ndiye fundi, ingia ndani uangalie stima.

Viatu sebuleni. Viatu jikoni. Mlango wa stoo una komeo dogo, la kuzuia paka.

Anagonga, kwa adabu kabisa.

"Shemeji, fungua. Nimetumwa na serikali."

Na hapo hadanganyi. Koki amesimama, amechukua kisukumio changu cha chapati, ananiashiria nimpishe mlangoni —