Nani Aliweka Quality

Bungoma, 9 Machi 2025

Kwa mwanangu Tonny,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Huku tuko wazima, ni mvua tu imekataa kuja. Mama yako mguu bado unamsumbua lakini anatembea. Wewe je, baridi ya Kitale haijakumaliza? Unakula?

Simu unajua mimi nikipiga naishiwa na maneno, nabaki kuuliza kama kuna jua. Kwa hivyo nakuandikia vile nilikuwa nakuandikia ukiwa boarding. Shangazi yako Edinah atakuletea akija soko ya huko na ndizi zake.

Dada yako Ivy sasa ndiye anakaa kwa ile kompyuta yako. Anapiga watu risasi kuliko wewe. Juzi ameniuliza swali nikashindwa. Ati kwa huo mchezo kuna mahali pa kuchagua Quality ama Performance. Hiyo kitu ni nini? Na kwa nini mtu mwenye akili aache Quality? Mimi hapa kwa duka ya spea, mtu wa boda akitaka brake namwambia chukua quality, hiyo ingine itakuua. Nieleze polepole. Na hiyo inaleta rag ama hapana?

Papa yako,
Wabwile


Kitale, 16 Machi 2025

Kwa Papa,

Mko aje huko? Mimi niko poa, nakula, baridi nimezoea. Barua yako nimesomea kazini, vijana wakanicheka ati nani bado anaandikiwa barua. Nikawaambia ni papa, nyamazeni.

Kwanza ni lag, Papa, si rag! Lag ni vile unabonyeza sasa halafu bunduki inalia baadaye.

Sasa sikia. Kadi ya picha kwa hiyo kompyuta ni dhaifu. Kwa hivyo inachora picha ndogo, halafu inaivuta ikuwe kubwa, na pale kitu hakionekani inakisia. Quality inaanza na picha kubwa kidogo. Inatoka safi, unaona hata majani, lakini kadi inachoka. Performance inaanza na picha ndogo sana. Mtu akiwa mbali anakuwa kama moshi, lakini picha zinakimbia, na mkono wako na skrini vinaenda pamoja. Kama unacheza tu kuona mandhari, weka Quality. Mechi ya kushindana, na kadi kama yangu, Performance. Na ile ingine ya kuongeza picha za kubuni hapo katikati, Ivy asiiwashe kabisa. Inachelewesha mkono.

Mimi nilikaa miezi nikitafuta huo mpangilio. Halafu asubuhi ya mechi ya kutupeleka Nairobi, Job anakaa hapo ati anapasha vidole moto, anabadilisha. Ndani ya mchezo nilikuwa kwa mlango, jamaa akatokea, nikafyatua, mashine ikafikiria kwanza. Nimekufa hivyo mechi nzima. Timu ikasema nimeuza mechi. Kufungua mipangilio, naona Quality. Na Job ananiangalia kwa macho, "Si mimi, bana." Rafiki yangu tangu form one! Angesema tu amekosea, ningecheka. Ni huo uongo ndio ulinifanya nitoke huko nyumbani.

Msalimie mama.

Mtoto wako,
Tonny


Bungoma, 13 Aprili 2025

Kwa mwanangu Tonny,

Natumaini uko mzima. Sisi hatujambo. Mvua imefika, mama yako amepanda mahindi na mguu wake hivyo hivyo, huwezi kumwambia kitu.

Job alikuja kwa duka. Ni mgonjwa, Tonny. Ni figo. Anateremka kutoka kwao Cheptais kuja hospitali hapa. Miguu imevimba, viatu haviingii, amevaa patipati. Akaniambia, "Mzee, Tonny ameniblock. Mwambie si mimi." Mimi nikamnunulia soda. Hakuimaliza, wamemkataza kunywa sana. Ilibaki kwa kaunta.

Mpigie. Labda kweli si yeye. Mashine ni mashine, pengine ilijibadilisha.

Papa yako,
Wabwile


Kitale, 20 Aprili 2025

Kwa Papa,

Pasaka njema. Mama amepona? Mimi niko sawa, leo tumefunga kazi mapema.

Mashine haijibadilishi, Papa. Kuna mkono. Na mkono uliokuwa hapo ni wangu na wa Job.

Pole kwake kwa ugonjwa, kweli kabisa. Lakini anakuja kwako kwa sababu anajua wewe una huruma. Mwambie hivi: aseme tu ni yeye. Neno moja. Nikilisikia, nitapanda mpaka Cheptais mimi mwenyewe, na nitampelekea tunda lile anaruhusiwa.

Wewe usijisumbue na mambo yetu. Ivy bado anapiga watu?

Mtoto wako,
Tonny


Bungoma, 8 Juni 2025

Kwa mwanangu Tonny,

Leo siwezi kuanza na mvua.

Job ametuacha Alhamisi. Anazikwa Jumamosi hii, kwao Cheptais. Hiyo nimemwambia Edinah akwambie kwa mdomo. Hii inafuata siwezi kumpa Edinah kwa mdomo.

Ni mimi.

Asubuhi ile mlitoka kwenda kunywa chai jikoni. Kompyuta mliacha wazi hapo pa kuchagua. Nikaona imewekwa Performance, na hapo karibu kuna Quality. Nikajiambia, huyu mtoto anaenda mechi kubwa na amewekewa ile ya bei ya chini. Nikashika mouse. Nilifurahi, Tonny. Nilienda dukani nikiimba.

Jioni mkaanza kurushiana maneno. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Job aliposema si mimi, nilikuwa na jibu kwa mdomo. Nikalimeza. Ulikuwa umekasirika sana, nikaona wewe na Job ni vijana, mtapatana kesho, lakini mimi utanichukia. Kesho ikapita. Ukabeba nguo ukaenda.

Ivy hakuniuliza kitu. Ile barua ya kwanza ni mimi nilitaka kujua nilikufanyia nini. Ulinieleza vizuri, nikaelewa. Hata lag nimejua kuandika.

Na kuna mbaya kushinda hiyo. Ulipoandika neno moja, hilo neno lilikuwa langu. Mimi nikalipeleka kwa Job. Nikamwambia, "Kijana yangu, kubali tu, yaishe." Sijui kama alijua. Akasema, "Sawa, Mzee."

Njoo umzike. Mimi nitakaa nyuma kabisa, sitakusogelea. Sikuombi kitu. Ama nakuomba, lakini sijui niite nini.

Papa yako,
Wabwile


Kitale, 29 Juni 2025

Kwa Mzee Wabwile,

Nilifika Cheptais. Nilikuona huko nyuma na ile shati ya kanisa.

Mama yake Job alinishika mikono akauliza, "Ndio wewe Tonny? Na mlikosania nini na mtoto wangu?" Ningemwambia nini? Quality?

Dada yake, Lorna, akanipa simu ya Job niangalie. Ameniandikia meseji nyingi, na hakuna hata moja ilinifikia kwa sababu nilikuwa nimemblock. Ya mwisho ni ya Mei. Naiandika vile iko:

"Sawa basi ni mimi. Niliweka Quality. Sasa shika simu bana."

Kompyuta sitakuja kuchukua. Ni ya Ivy. Mwambie aweke Performance na asikubali mtu amguzie.

Edinah usimpe barua tena.

Tonny