Ya Chini au ya Juu

Jumapili, jioni. Mvua imekata sasa hivi hapa Tarime, baridi ndiyo imebaki. Nimejifunika blanketi kwenye chumba changu cha kupanga, na sina wa kumsimulia mambo ya leo. Basi nawasimulia ninyi nisiowajua.

Kesho asubuhi dalali anataka jibu. Kwenye lile jengo jipya la ghorofa zimebaki nyumba mbili tu, moja ya chini kabisa na moja ya juu kabisa. Akiba yangu yote ya ualimu inaishia pale. Nikikosea kuchagua, sina pa kurudi.

Wiki nzima nilijiambia nimeshaamua. Nachukua ya chini, kwa sababu ya Mama. Magoti yake yamechoka, na yuko peke yake kijijini Kerende tangu Baba afariki. Mimi nami niko peke yangu tangu ndoa yangu ivunjike. Nilishampangia hadi chumba chake, kile kinachopata jua la asubuhi.

Leo baada ya ibada nikampeleka akaione.

Alisimama katikati ya sebule ya chini. Huko juu mtoto akapita mbio, na Mama akainua uso kuangalia dari. Akauliza kuna nani huko. Nikamwambia ni watu wengine, nao wana nyumba yao.

"Wewe Bhoke," akasema. "Yaani mimi nilale, halafu mtu nisiyemjua hata ukoo wake atembee juu ya kichwa changu?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Akataka kuiona ya juu. Na magoti yale! Nikamshika mkono, tukaanza ngazi taratibu. Sasa, kijijini kwetu hupiti mlangoni kwa mtu kimya kimya, utadhaniwa mwizi. Na kwenye ghorofa, njia nzima ni milango. Kila mlango Mama alisimama, akaita hodi, akangoja aitikiwe. Niliona aibu nikatamani ardhi ipasuke.

Lakini milango ilifunguliwa. Mama mmoja Msukuma, ambaye mumewe anachimba dhahabu Nyamongo, alitoka na unga mikononi, akapiga goti, "Shikamoo mama," kisha akaleta kiti. Jirani wa mlango wa pili naye akachungulia kuna nini. Kumbe wale wawili wamekaa pua na mdomo tangu wahamie, na hawajawahi hata kuulizana majina. Leo wameulizana, kwa sababu ya bibi mmoja wa Kerende mwenye magoti mabovu.

Huko juu kabisa kuna upepo mzuri na milima yote unaiona. Na kimya. Mama alikaa dirishani akipumua, akasema, "Hapa panakufaa, hakuna wa kukukanyaga."

Nikamuuliza atakuja lini kukaa na mimi.

"Mimi sihami, mwanangu. Baba yako amelala pale nyuma ya nyumba. Nikiondoka atabaki na nani?"

Nikamsindikiza stendi, nikampandisha gari, nikasimama pale hadi likapotea.

Nimelia, siwafichi. Nimemwonea wivu baba yangu mzazi, aliye kaburini, kwa kuwa yeye ana mtu wa kukaa naye.

Basi sasa sina Mama wa kumsingizia. Nachagua kwa ajili yangu mwenyewe. Walimu wenzangu wanasema nichukue ya juu, kuna hewa safi, hakuna kelele, na ni heshima pia. Wao nyumbani wana watoto, wanatamani kimya. Mimi kimya nimekizoea. Hapa nilipo, nikizima redio nasikia maji yakidondoka bombani kwa jirani.

Jioni yote nimekuwa nikiwaza ule mchakamchaka wa mtoto juu ya dari. Mama ulimtisha, mimi nimerudi nao hadi huku chumbani.

Sijui kama nitaweza kupiga hodi mlango kwa mlango kama yeye. Mimi mwoga wa watu, na mwoga hajengi ujirani kwa siku moja. Ila kesho nitamwambia dalali naichukua ya chini. Akiniuliza kama ni kwa ajili ya magoti ya mama, nitamwambia hapana, mama haji.

Nataka nikilala nisikie kuna mtu. Acha wanikanyage.